Mwizi Aliyeiba kwa Kipimo: Mazungumzo juu ya Spidomita ya Kisasa kwenye Lori la Zamani

(Mazungumzo haya yalitolewa na fundi mmoja wa magari, ambaye pia ni mwanachama wa kikundi cha kujisaidia kinachomiliki lori. Aliyatoa mbele ya wawakilishi wa vikundi waliokutana kwa semina ya siku mbili juu ya utunzaji wa mali ya kikundi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Nimeambiwa nizungumze juu ya spidomita, na nimeona wengine wakicheka. Mtu anajiuliza: lori letu tairi zimeisha, breki zinapiga kelele, na huyu anatuletea habari ya mshale! Haya. Nakubali, breki kwanza. Kama breki za lori lenu ni mbovu, pesa ziende huko, na spidomita tutaongea siku nyingine. Lakini kama breki ni nzima, nisikilizeni, kwa sababu mshale huo mdogo ulikaribia kuvunja kikundi chetu.

Lori letu ni Bedford ya aina ya J, ile yenye pua ndefu, wazee mnaijua. Bedford J zilianza kutoka Uingereza mwaka 1958, na kiwanda cha malori hayo cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987, kwa hiyo usitegemee kupata spea mpya dukani. Tunaishi kwa spea za magari yaliyokufa. Miaka kadhaa iliyopita spidomita yetu ilikufa. Mimi fundi wenu nikaenda kwa wauza vyuma, nikapata spidomita nyingine iliyotolewa kwenye lori lingine. Imesomeka kwa kilomita, kioo kizima, na ile skrubu ya kebo ikaingia sawasawa. Tukawasha gari, mshale ukapanda. Nikapigiwa makofi.

Dereva wetu wakati huo alikuwa mzee mmoja mtaratibu sana, aliyeendesha lori hilo miaka mingi kabla hata kikundi hakijalinunua. Safari yetu ya mahindi, kwenda na kurudi, ilikuwa ya kilomita kama 180. Lori lilikuwa linakula lita moja kwa kilomita nne. Basi kwa safari moja ni lita 45. Mama mweka hazina alikuwa na daftari lake, anaandika namba ya spidomita gari likitoka na likirudi, na risiti ya dizeli anaibana hapo kwa pini.

Baada ya spidomita ile mpya, daftari likaanza kusema maneno mengine. Safari inaonyesha kilomita 143, na dizeli iliyonunuliwa ni lita 45 zilezile. Ukipiga hesabu, kilomita 143 zilitakiwa kula lita 36 hivi. Lita tisa ziko wapi? Safari ya pili, lita tisa. Ya tatu, lita tisa. Kamati ikakaa. Mzee akaulizwa, akasema hajui, yeye anaendesha tu. Mnajua mambo ya vikundi. Maneno yakaanza kisimani, yakafika sokoni, yakafika hata mahali pa ibada. Mtu akasema amemwona akiteremsha mtungi kwa shemeji yake. Baada ya miezi mitatu tukamwachisha kazi. Mimi nilikuwa kwenye kamati. Niliinua mkono na wengine.

Tukachukua kijana. Kijana wa familia nzuri, baba yake ni mtu tunayemheshimu sana. Safari yake ya kwanza, lita tisa. Ya pili, lita tisa. Sasa hapo mama mweka hazina ndiye aliyetuamsha. Alifunga daftari, akasema, “Mimi sijasoma sana. Lakini mwizi gani huyu anayeiba kwa kipimo? Wezi wawili, hawajuani, wanaiba lita tisa tisa, hata nusu haizidi?”

Tukanyamaza wote. Mimi jasho lilinitoka, kwa sababu nilianza kuelewa.

Wacha niwaeleze nilichoelewa. Spidomita ya zamani haina akili. Nyuma ya gia boksi kuna gia ndogo inayozungusha kebo, ile waya nene inayozunguka ndani ya ganda lake mpaka kwenye dashibodi. Mwisho wa kebo kuna sumaku. Sumaku hiyo inazunguka ndani ya kikombe chembamba cha alumini bila kukigusa. Alumini haishikwi na sumaku, lakini sumaku ikizunguka karibu nayo inazusha umeme mdogo ndani yake, na umeme huo unakivuta kikombe kifuate. Kispringi chembamba kama unywele kinakizuia. Mwendo ukiongezeka, mvuto unashinda kispringi kidogo, mshale unapanda. Mjerumani mmoja, Otto Schulze, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1902, na magari ya dunia nzima yakautumia karibu miaka mia. Namba za kilomita nazo zinasukumwa na kebo ileile, kwa gia ndogo ndogo, gurudumu la namba moja likimaliza mzunguko linasukuma jirani yake.

Sasa sikilizeni hapa. Spidomita haijui kilomita. Inajua mizunguko ya kebo tu. Mtengenezaji amekubaliana nayo kwamba kebo ikizunguka mara kadhaa, hiyo ni kilomita moja, au maili moja. Kwenye saa nyingi za Kiingereza namba hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya uso wake, utafikiri ni namba ya kiwanda. Mimi niliiona siku ile kwa wauza vyuma, sikujali. Lori letu linazungusha kebo mara 620 kwa kilomita. Ile spidomita niliyonunua ilitaka 780. Kwa hiyo lori linatembea kilomita nzima, spidomita inahesabu mita 795 tu. Zidisha hiyo mara 180. Unapata kilomita 143. Lita tisa hazikuibwa. Hazikuwahi kuwako.

(Hapo ukumbi ulikuwa kimya.)

Tulikwenda kwa mzee watu wanne, na mimi nikiwa mbele kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mkewe akatupikia chai. Tulimweleza yote, na namba za gia, na 620 na 780. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Nimewasamehe. Lakini funguo sizitaki tena.” Tulimlipa mishahara ya miezi aliyokaa nyumbani, na mwenyekiti akasimama mbele ya watu wote siku ya mkutano mkuu akasafisha jina lake. Funguo hakuchukua mpaka leo. Tukikutana njiani ananisalimia vizuri tu.

Basi tulipokubaliana kununua spidomita ya umeme, mimi niliweka sharti moja: kabla haijaandikwa hata namba moja kwenye daftari, ipimwe mbele ya watu. Mtu anaweza kudhani kwamba kitu cha kisasa hakikosei. Kinakosea. Na kikikosea kinakosea kwa tarakimu zinazong’aa, hakuna anayethubutu kukibishia.

Sasa tuingie kazini. Spidomita za umeme unazoweza kufunga kwenye lori la zamani ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza inahesabu mzunguko kwa sensa. Badala ya kebo, unafunga sensa palepale kebo ilipokuwa kwenye gia boksi, au unafunga sumaku ndogo kwenye propela shafti na sensa karibu yake. Kila sumaku ikipita, sensa inatoa pigo moja la umeme. Ni kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa akihesabu mapigo. Ndani ya spidomita kuna kompyuta ndogo inayohesabu: mapigo mangapi, hiyo ni kilomita; yanakuja haraka kiasi gani, huo ni mwendo.

Ya pili ni ile ya jipiesi, inayosikiliza setilaiti. Hizo ziko juu yetu zaidi ya kilomita 20,000, na kwa kuzisikiliza kadhaa kwa pamoja kifaa kinajua kiko wapi na kinakwenda kwa mwendo gani. Haijali tairi, haijali gia, haijali kebo. Unafunga waya mbili za umeme na antena, umemaliza. Fundi mvivu ataipenda sana.

Ipi bora? Watu hubishana. Mimi nasema hivi: kwa kujua mwendo wa kweli, jipiesi ni nzuri sana, barabara ikiwa wazi na mwendo ukiwa wa namna moja inakaribia kabisa. Lakini ukiwasha gari asubuhi inachukua muda kuzitafuta setilaiti, pengine nusu dakika, pengine zaidi, na lori limeshaondoka. Ukikanyaga breki ghafla, namba inachelewa kidogo kushuka. Antena ukiificha chini ya bati la kebini, haisikii kitu. Ni lazima ione mbingu, kwa kioo au juu ya paa. Ile ya sensa haikosi hata mzunguko mmoja, toka tairi linapoanza kubingirika. Kwa daftari la dizeli la kikundi, mimi nachagua sensa. Halafu jipiesi naitumia kuipima. Na jipiesi siku hizi mnayo mifukoni, simu nyingi zinayo.

Kabla ya kununua, mambo mawili, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndipo pesa za vikundi zinapoungua.

La kwanza, volti. Lori lenu ni la volti 12 au 24? Usiseme “nadhani.” Kuwa na betri mbili si jibu, kwa sababu betri mbili zinaweza kufungwa kwa njia mbili. Chukua mita, pima. Spidomita nyingine zinakubali zote mbili, nyingine hazikubali. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, na kama muuzaji hana karatasi, mwachie boksi lake.

La pili ni erthi. Katika magari ya leo waya wa negativu ndio unaofungwa kwenye chuma cha gari. Lakini magari mengi ya Kiingereza mpaka miaka ya 1960 yalikuwa kinyume: pozitivu ndiyo imefungwa kwenye chuma! Taa hazijali. Honi haijali. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyegundua. Spidomita ya umeme inajali sana. Mimi mwenyewe nimeunguza moja, kwenye lori la shemeji yangu, la zamani kuliko letu. Nilikuwa na haraka, jioni inaingia. Nikafunga waya mweusi kwenye bodi kama nilivyozoea, nikawasha swichi. Ikatoa harufu tu, moshi hata haukuonekana. Shemeji yangu hakunigombeza, aliuliza tu, “Hiyo nayo ni kazi ya erthi?” Angalieni betri kwanza: ni upande gani umekwenda kwenye chuma? Kama ni pozitivu, usifunge chochote cha kisasa mpaka fundi wa umeme wa magari aligeuze gari zima, betri, na dainamo ipewe nguzo mpya, na waya za koili zibadilishwe upande. Si kazi ngumu, lakini si ya kubahatisha.

Sasa kufunga. Toa waya wa betri kwanza. Umeme wa spidomita uchukue kwenye swichi ya funguo, ili ikizimwa gari nayo izime, na njiani weka fyuzi ndogo ya ampea moja au mbili, ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Usiibe umeme kutoka waya wa honi wala wa waipa kwa sababu uko karibu. Hizo zikifanya kazi umeme unarukaruka, na kompyuta ndogo haipendi kurukiwa. Erthi yake ipeleke mahali safi. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe. Nusu ya spidomita “mbovu” ninazoletewa ni erthi ya kutu.

Kama lori ni la petroli, waya wa sensa uwe mbali na waya za plagi. Zile zina umeme mkali unaoruka hewani, sensa inauhesabu kama mapigo. Utaona lori limesimama, linanguruma tu, na spidomita inasema kilomita 30. Kama waya wa sensa una ganda la nyuzi za chuma, ganda hilo lifungwe erthi upande mmoja tu, upande wa spidomita. La sivyo linakuwa kama antena ya redio.

Sensa ikiwa ya propela shafti, sumaku zisibandikwe kwa gundi peke yake. Shafti inazunguka kwa nguvu, gundi inaachia, sumaku inaruka kama risasi. Zifunge kwa ukanda wa chuma uliokazwa. Nafasi kati ya sumaku na sensa iwe ile iliyoandikwa, mara nyingi ni milimita moja hadi mbili, kama unene wa sarafu. Na bano linaloshika sensa liwe nene. Lori la zamani linatetemeka, bano jembamba linacheza, na sensa ikiguswa na shafti mara moja imekwisha. Weka mipira chini ya spidomita yenyewe kwenye dashibodi pia.

Jambo moja zaidi hapa, kabla sijasahau. Malori yetu yanachomelewa kila mara, leo bodi, kesho chasi. Kabla fundi wa kuchomelea hajagusa lori, toa waya wa betri na chomoa plagi ya spidomita. Umeme wa kuchomelea unapita kwenye chasi ukitafuta njia, ukipita kwenye kompyuta ndogo hiyo mtaagiza nyingine. Andikeni kwa rangi ndani ya mlango wa dereva: CHOMOA KABLA YA KUCHOMELEA. Sisi tumeandika.

Sasa tufike kwenye kupima, ambako ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Spidomita ya sensa ikitoka dukani haijui lori lako. Ni lazima uiambie kilomita moja ni mapigo mangapi. Kuna njia ya hesabu. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na kwenye ardhi. Gia iwe huru, vijana wasukume lori polepole mahali tambarare, tairi lizunguke mara kumi, pima kwa tepu. Tuseme ni mita 30, basi mzunguko mmoja ni mita tatu, na kilomita ni mizunguko 333. Hapohapo mtu mwingine, akiwa pembeni na siyo chini ya gari, nasema siyo chini ya gari, anahesabu propela shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi. Tuseme sita. Basi shafti inazunguka mara 2,000 kwa kilomita. Ukiwa na sumaku mbili, ni mapigo 4,000. Namba hiyo unaiingiza. Kwa ile sensa inayokaa mahali pa kebo ni rahisi zaidi: lori letu mizunguko 620, sensa yetu inatoa mapigo manne kwa mzunguko, jumla 2,480.

Lakini hesabu ni ya kuanzia tu. Spidomita nyingi zina njia ya kujifunza zenyewe: unabonyeza kitufe mwanzo wa kilomita, unaendesha, unabonyeza mwisho, inahesabu mapigo yenyewe na kuyaweka. Uzuri wake inahesabu tairi zako zilivyo leo. Swali ni, kilomita hiyo umeipata wapi? Sisi mara ya kwanza tuliipima kwa kamba ya nailoni. Vijana wakaivuta wakishindana nani ana nguvu, ikarefuka, tukapata kilomita yenye mita zaidi. (Kicheko.) Azimeni tepu ya kupimia mashamba, ile ya mita 50, mkaipige mara 20 kando ya barabara iliyonyooka, wawili wanapima na wa tatu anaweka alama na kuhesabu kwa sauti. Siku hiyo lori liwe na mzigo wake wa kawaida na tairi zina upepo wake wa kawaida, kwa sababu tairi likilemewa linabonyea na mzunguko unafupika kidogo. Na mkibadilisha saizi ya tairi, rudieni kupima. Hii watu husahau kabisa.

Ukimaliza, thibitisha. Mwenye simu yenye jipiesi akae karibu na dereva, barabara wazi, mwendo wa namna moja, asome namba. Dereva asiitazame simu. Kama hamna simu hiyo, saa ya mkono inatosha! Lori likienda kilomita 60 kwa saa bila kubadilisha, ile kilomita yenu iliyopimwa inakwisha kwa sekunde 60 kamili. Likienda 50, ni sekunde 72. Likienda 40, ni sekunde 90. Wakati ule spidomita yangu ya wauza vyuma ilisema 48 na kilomita ikaisha kwa sekunde 60. Laiti ningefanya jaribio hilo siku ya kwanza. Dakika moja tu, na yule mzee angekuwa bado dereva wetu.

Mwendo nao si jambo la kuachia hapa. Sheria yetu inasema 50 ndani ya miji na vituo vya biashara, na malori makubwa yasizidi 80 hata barabara kuu. Spidomita ile yangu ikisema 50, lori lilikuwa 63. Mtaniambia, ni kumi na tatu tu. Lakini nguvu ya kusimamisha gari haiongezeki kwa kujumlisha, inaongezeka kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo. Kutoka 50 hadi 63, breki zinahitaji njia ndefu zaidi ya mara moja na nusu ndipo gari lisimame. Hiyo ni upana wa kituo kizima cha mboga pale kando ya lami. Tunakumbuka tarehe 30 Juni 2023, Londiani Junction, lori lilipoingia kwenye watu waliokuwa wakiuza na kusubiri magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Lori lenye mizigo likiingia kituoni, dereva anahitaji kujua mwendo wake wa kweli. Na kuna malori ya zamani ambayo bado yanasomeka kwa maili: dereva kijana anaona 50 anadhani yuko sawa, kumbe ni kilomita 80.

Na tusichanganye mambo: spidomita si spidi gavana. Gavana ililetwa na kanuni za mwaka 2003 kwa magari ya abiria na malori yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048. Kama lori lenu liko kwenye kundi hilo, spidomita nzuri haiwaondolei wajibu huo, wala polisi hatakubali maelezo.

Mwisho, daftari. Siku ya kubadilisha, andikeni namba ya mwisho ya spidomita ya zamani na namba ya kwanza ya mpya, tarehe, na watu watatu watie sahihi: dereva, mweka hazina, na mwanachama wa kawaida asiye kwenye kamati. Ile ya zamani msiitupe wala kuiuza. Siku mtakapouza lori, mnunuzi ana haki ya kujua limetembea kiasi gani. Yetu iko kwa mama mweka hazina, kwenye sanduku moja na katiba ya kikundi.

Naona mama pale ameinua mkono muda mrefu. Ndiyo, mama.

(Swali: Sisi hatuna pesa ya spidomita ya umeme mwaka huu. Tufanye nini?)

Ahsante, mama. Basi msinunue. Pimeni hiyo mliyo nayo. Kilomita moja ya tepu, saa ya mkono, na karatasi. Kama inahesabu pungufu, mseme inahesabu pungufu kiasi gani, muandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na mweka hazina azidishe kila safari. Spidomita inayokosea kwa kiasi kinachojulikana inaweza kutumika. Angalieni tu kwamba mshale na zile namba za kilomita ni vitu viwili: kispringi kikichoka au sumaku ikidhoofika, mshale unadanganya lakini kilomita zinaweza kuwa sawa. Pimeni vyote viwili, kila kimoja peke yake.

(Swali la kijana mmoja: Dereva anaweza kuichezea ile ya umeme ili kuficha safari?)

Anaweza kuchomoa waya wa sensa, spidomita ikalala sifuri na kilomita zisihesabiwe. Hata kebo ya zamani ilikuwa inafunguliwa hivyohivyo. Funga plagi kwa waya mwembamba wenye lakiri, mtu akiifungua itaonekana. Lakini nakuomba, kijana, siku daftari litakapokataa kukubaliana na dizeli, anza kukagua waya, na tairi, na hiyo namba ya mapigo, ndipo umwite dereva.

Sasa Bwana Mwenyekiti, muda umekwisha na jua linashuka. Lori letu liko hapo nje chini ya mti, na tepu ya mita 50 nimekuja nayo. Nahitaji vijana wawili wa kupima, mmoja wa kuhesabu kwa sauti, na mtu mwenye saa ya sekunde. Kamba ya nailoni iacheni humu ndani.